Kutoka Mchesi Hadi Chini ya Barafu: Kekee Inayotafuta Mwamba

Mtaa wa Mchesi, jijini Lilongwe, hauijui theluji. Barafu ya huko ni ile ya vifuko vya plastiki wanayoiuza watoto kando ya barabara wakati jua limepanda. Hata hivyo ni huko Mchesi, mbele ya karakana moja ndogo, ambako tulipata kulielewa swali la uhandisi ambalo kwa miaka mingi tulikuwa tukilisoma vitabuni na kulipita bila kulitia maanani.

Tulikuwa Lilongwe kwa shughuli za kikazi, nasi kwa kuwa Kiswahili ndicho kilichotulea, wenyeji wetu walituambia kuwa tukitaka kukisikia kikizungumzwa tuelekee Mchesi. Kwa miaka mingi Warundi, Wanyarwanda na Wakongo walifungua maduka na karakana katika mtaa huo, hata Kiswahili kikawa lugha ya biashara hapo sambamba na Kichewa. Mwezi Mei 2023 mambo yalibadilika. Serikali ya Malawi iliwalazimisha wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita arobaini na ushei kaskazini ya jiji. Maduka mengi yakafungwa. Wasomaji wetu ambao ni askari polisi hawahitaji kuelezwa jinsi kazi ya namna hiyo ilivyo. Amri ni amri, lakini anayeitekeleza huyaona macho ya watu.

Fundi tuliyemkuta alikuwa mzee wa makamo kutoka Uvira. Zamani karakana ile ilikuwa yake. Siku tuliyofika ilikuwa mikononi mwa Mmalawi aliyekuwa mwanafunzi wake, na mzee alikuwa amekuja mjini kutoka Dzaleka kwa siku moja tu ili kukereza vyuma vyake kwenye mashine aliyoinunua yeye mwenyewe miaka kumi iliyopita. Alikuwa amekibana chuma kimoja kwenye jiliwa na anakikata hesi. Vilikuwa ni vyuma vya kekee ya mkono, ile inayozungushwa na watu wanne na kuchimbua visima vifupi vya bustani. Pamoja nasi alikuwapo konstebo kijana, mwenyeji wa Karonga, anayezungumza Kiswahili cha mpakani, ambaye wenyeji wetu walikuwa wametupa awe mwongozaji. Kijana huyo alikuwa mpenda habari za sayansi.

"Mzee," akasema konstebo, "nimesoma kwamba huko kwenye ncha za dunia watu wanachimba barafu kilomita tatu kwenda chini, wapate kuugusa mwamba. Sasa barafu nayo ni kitu cha kuchimba? Si wangemwaga maji ya moto tu?"

Mzee hakuinua macho. "Kijana wangu, kuchimba si kazi. Barafu ni laini. Mimi ningewauliza jambo moja tu: chenga zinakwenda wapi?"

Neno lile lilituchoma, nasi hatuna budi kueleza sababu yake.

Mwaka wetu wa pili baada ya kuvishwa nyota, kabla hatujahamishiwa katika kazi hii ya kalamu, tulikabidhiwa kusimamia kikundi kilichokuwa kikichimba kisima kwa ajili ya kijiji kimoja kilichokuwa jirani na kambi yetu. Siku ya kukizindua ilikuwa imekwisha kupangwa, na mgeni wa heshima amekwisha kualikwa. Sajini wetu, mtu mzima aliyekuwa na uzoefu wa visima kuliko maofisa wote wa kikosi, alituomba kila baada ya mita chache tusimamishe kekee, tuyapitishe maji ya kutosha, tuziondoe takataka zilizosagwa, ndipo tuendelee. Tukaona anatuchelewesha. Tukaamuru kazi isonge mbele. Kiasi cha mita arobaini chini, takataka zile zilizokuwa hazikutolewa zililala juu ya kichwa cha kekee, zikagandamana, na chuma kikakwama. Tulikivuta siku tatu. Hatimaye kilikatika, kichwa kikabaki chini, na shimo likafukiwa. Mgeni wa heshima hakuja. Kina mama wa kijiji kile waliendelea kwenda mtoni kwa msimu mwingine mzima, na sajini hakutuambia neno lolote, jambo ambalo lilikuwa adhabu kubwa kuliko barua ya onyo.

Kwa hiyo, tuliporudi katika nyumba ya wageni usiku ule, tulizisoma upya habari za kekee za barafu tukiwa na swali la mzee kichwani. Tukagundua kwamba karibu kila ukurasa wa historia hiyo ni jibu la swali hilohilo.

Kwanza yafaa tueleze kwa nini watu wazima wajitaabishe hivyo. Barafu ya Greenland na ya bara la Antaktika ni theluji iliyoanguka mwaka baada ya mwaka na kugandamizwa na uzito wa ile iliyoifuata. Kila tabaka lina vumbi la mwaka wake, majivu ya volkano za wakati wake, na viputo vya hewa ile ile iliyokuwa ikivutwa na viumbe wa siku hizo. Anayeweza kutoa humo kipande kirefu cha mviringo, mfano wa mche wa sabuni, kisha kingine chini yake, na kingine tena, huku akivipanga kwa taratibu bila kuchanganya, amepata daftari la hali ya hewa ya dunia. Katika Antaktika, mahali paitwapo Dome C, kazi ya namna hiyo iliyofanywa na nchi za Ulaya ilifika kina cha zaidi ya mita 3,200 mwezi Desemba 2004 na kutoa barafu ya miaka 800,000.

Lakini mwamba ulio chini ya barafu unasema jambo ambalo barafu yenyewe haiwezi kulisema, nalo ni iwapo barafu ilikuwapo siku zote. Jiwe lililo wazi chini ya mbingu hupigwa na miale itokayo angani, na ndani yake huzaliwa chembe chache za madini ya nadra, zikiwamo za aina fulani ya berili na alumini. Likifunikwa na barafu nene, chembe hizo huacha kuzaliwa na zile zilizopo huoza polepole kwa kiwango kinachojulikana. Jiwe basi ni saa. Mwenye kupata kipande chake, hata kiwe cha urefu wa mkono, anaweza kuhesabu ni lini lilionja jua kwa mara ya mwisho.

Waliofika huko kwanza walikuwa wanajeshi. Mwaka 1959 Jeshi la Marekani lilianza kujenga kambi ndani ya barafu ya Greenland, zaidi ya kilomita 200 kutoka kituo cha anga cha Thule, wakaiita Camp Century. Walichimba mahandaki, wakayaezeka, wakaweka humo mabweni, jiko, zahanati, na hata mtambo mdogo wa nyuklia wa kutoa umeme. Ulimwengu uliambiwa kuwa ni kambi ya utafiti. Lililofichwa, na ambalo lilitangazwa hadharani katika miaka ya 1990, ni kwamba kulikuwa na mpango wa kueneza mahandaki ya namna hiyo chini ya barafu na kuficha humo mamia ya makombora. Mpango huo ulishindwa na barafu yenyewe. Barafu hutembea; kuta za mahandaki zilisogea, dari zikabonyea, mtambo wa nyuklia ukazimwa mwaka 1963 na kuondolewa, na kambi ikaachwa mwaka 1967. Jemadari mzuri huichunguza ardhi kabla ya kuweka ngome; hapa ngome iliwekwa kwanza.

Kilichobaki na thamani ni lile shimo. Maabara ya jeshi inayoshughulikia nchi za baridi, chini ya mhandisi B. Lyle Hansen, ilikuwa imeanza kuchimba ndani ya kambi hiyo. Walianza na kekee ya moto, yaani pete ya chuma inayopashwa kwa umeme ikayeyusha njia yake kuzunguka mche wa barafu. Konstebo wetu alikuwa amelifikiria wazo hilo kwa akili zake mwenyewe, nasi tulimpongeza. Kekee ile ilifika mita 535. Ila moto una kasoro zake: hula umeme mwingi, hukwenda polepole, na ukikutana na kokoto hauna la kufanya. Wahandisi wakatafuta kekee ya kukata. Waliipata kwa mvumbuzi mzaliwa wa Milki ya Urusi ya zamani, Armais Arutunoff, aliyekuwa ameibuni kwa ajili ya visima vya mafuta; chombo cha urefu wa mita zaidi ya 26 na uzito wa zaidi ya tani moja, chenye mota ya umeme ndani ya tumbo lake, kinachoning'inizwa kwa waya mnene.

Hapo ndipo tunapoomba msomaji atupe subira, kwa maana uzuri wa jambo hili uko katika shida zake.

Shida ya kwanza ni kwamba shimo halikubali kukaa wazi. Mita 1,000 chini, uzito wa barafu iliyo juu unagandamiza kwa nguvu ya zaidi ya kilo 90 juu ya kila sentimita moja ya mraba, na barafu ikibanwa hivyo huenda kama unga uliokandwa: shimo hujifunga lenyewe na kuishika kekee kiunoni. Dawa yake ni kulijaza shimo kimiminika kisichoganda, kilichokaribiana uzito na barafu, ili kisukume kuta kutoka ndani kama barafu inavyosukuma kutoka nje. Mafuta ya dizeli hayagandi kirahisi, lakini ni mepesi kuliko barafu. Basi Camp Century walichanganya dizeli na kemikali nzito mpaka mizani ikalingana. Mizani hiyo ina pande mbili. Kimiminika kikiwa chepesi mno shimo hujifunga, na msukumo wake ukizidi barafu hupasuka, kimiminika kikatoroka kwenye ufa, na waliokuwa juu wakabaki wanatazama kina kikishuka bila kujua kimeenda wapi.

Shida ya pili ni kuzunguka. Fundi wa Mchesi huizungusha kekee yake kwa vyuma vilivyounganishwa kutoka juu hadi chini. Vikigoma, nguvu ya watu wanne iko pale. Lakini kwa kina cha kilomita tatu, kutoa na kurudisha vyuma vya mita tatu tatu, kimoja baada ya kingine, ni kazi ya kufungua na kufunga viungo elfu moja kila mara mche mmoja wa barafu unapotolewa. Ndiyo maana kekee nyingi za barafu huning'inizwa kwa waya na kuvutwa kwa winchi. Waya, kwa upande wake, hauwezi kushindana na mzunguko. Mota ikianza kuzungusha meno upande wa kulia, mwili wa kekee nao hutaka kuzunguka kushoto, na waya ukajisokota kama kamba ya ndoo. Kwa hiyo mbavuni mwa kekee huwekwa visu vya chuma chenye kunepa, vinavyoning'inia ukutani kwa ukali wa kutosha kuzuia mwili usizunguke, na kwa ulaini wa kutosha kuuacha uteleze chini. Ni jambo dogo kulisema. Kulitengeneza kumewachukua watu miaka.

Shida ya tatu ni chenga. Meno yanapokata duara kuzunguka mche wa barafu, barafu iliyokuwa mahali pa duara hilo husagika na kujazana. Zisipoondolewa, hulala juu ya kekee, hugandamana, na kuikwamisha. Katika Camp Century walipeleka chini kiasi cha glaikoli, ile dawa inayotiwa kwenye rejeta za magari ya nchi za baridi, izile chenga na kuziyeyusha hukohuko chini. Kekee za baadaye zilipewa pampu ndogo inayonyonya kimiminika pamoja na chenga na kuzichuja ndani ya bomba maalumu, ili zipandishwe juu pamoja na mche wenyewe. Na bado ajali hazikuisha. Mwaka 1997, katika shimo liitwalo NorthGRIP huko Greenland, kekee ilikwama ikiwa imekwisha kupita mita 1,300, na baada ya jitihada zote shimo hilo liliachwa, likaanzwa jingine. Misimu michache baadaye kekee ya Dome C nayo ilikwama katika mita 788, na huko pia walianza upya. Tuliposoma hayo, tukiri, tulipata faraja ambayo hatustahili. Wenzetu hao walikwama baada ya kufanya kila tahadhari.

Mwezi Julai 1966 kekee ya Camp Century iligusa chini katika mita 1,387. Wengine wangetosheka. Hansen na wenzake waliendelea, wakatoa mita 3.4 za udongo na mawe yaliyoganda kutoka chini ya barafu. Baada ya hapo kekee ilisafirishwa hadi Antaktika, katika kituo cha Byrd, na mwezi Januari 1968 ikafika chini tena, safari hii katika mita 2,164. Lakini huko walikuta maji. Joto la ardhi lilikuwa limeyeyusha barafu kwa chini, na maji yakapanda ndani ya shimo, mwamba haukupatikana. Msimu uliofuata kekee ilikwama, waya ukakatwa, na hadi leo chombo kile kiko huko.

Tunasimulia habari za Byrd kwa sababu zinaeleza jinsi barafu na mwamba vinavyodai silaha tofauti. Meno ya barafu ni makali na mapana, mfano wa randa ya seremala. Hung'oa vipande vikubwa, na kadiri chenga zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyochelewa kugandamana. Meno hayo yakipiga jiwe hupoteza makali mara moja. Jiwe lataka kichwa chenye chembe za almasi, kizunguke kwa kasi, kigandamizwe kwa uzito, na kipozwe kwa kimiminika kinachopita bila kukoma. Sasa fikiria mahali ambapo vyote viwili vimechanganyika, barafu chafu yenye mchanga na mawe, ngumi hapa na ngumi pale. Hapo kila kekee ni ya makosa. Na udongo ulioganda una hila yake: msuguano wa almasi ukiupasha joto kidogo tu, huyeyuka, husombwa na kimiminika, na kinachofika juu ni mawe yaliyooshwa, bila ushahidi wowote. Basi kimiminika chenyewe lazima kipelekwe chini kikiwa baridi kuliko kiwango cha kuganda.

Kwa ajili hiyo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani, walichukua mtambo wa kutafutia madini wa aina inayouzwa madukani, wa vyuma vya kuunganishwa kama vya mzee wetu, wakaubadilisha ukubaliane na barafu ya mamia ya mita. Katika msimu wa 2016 hadi 2017, kwenye vilima vya Pirrit huko Antaktika, mtambo huo ulitoboa barafu ya mita 150 na kutoa mita 8 za mwamba. Mita nane! Mtu asiyejua atacheka. Lakini kila kipande cha mtambo ule kilipimwa kabla hakijatengenezwa ili kiweze kuingia ndani ya ndege ndogo na kubebwa na watu wachache, na kila bolti ilichaguliwa ikijulikana kuwa atakayeifungua amevaa glavu nene na dukani hakuendeki.

Kuhusu udongo wa Camp Century, yaliyoufika yangemtia aibu mtunza ghala yeyote. Barafu yake ilichunguzwa na Willi Dansgaard wa Denmark na kumpa sifa duniani. Udongo ulihamishwa kutoka friza moja hadi nyingine, kutoka Marekani hadi Copenhagen, ukasahauliwa. Mwaka 2017 ulionekana ndani ya makopo wakati friza zinahamishwa. Walipoufungua walikuta vijiti na majani ya mimea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa miaka takriban 400,000 iliyopita mahali pale hapakuwa na barafu. Palikuwa na ardhi, maji yanayotiririka na mimea, na kuyeyuka huko kuliinua bahari kwa angalau mita 1.4. Wenzetu wenye kambi za ufukweni, kutoka Lamu hadi Mtwara, wanajua mita moja na nusu ni nini wakati wa bamvua.

Lakini tusidhani kuwa mambo haya yote ni ya wageni na nchi zao. Mwezi Januari na Februari 2000, Profesa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipandisha kekee zake Mlima Kilimanjaro. Huyu bwana alikuwa na desturi ya kwenda mahali ambapo mitambo mikubwa haifiki. Mwaka 1983, katika barafu ya Quelccaya huko Peru, alichimba kwa umeme wa jua, kwa kuwa jenereta nzito haikuweza kupandishwa. Katika Kilimanjaro, ambako hewa ya kileleni ni karibu nusu ya ile ya pwani, mzigo ulipandishwa kwa migongo ya wapagazi. Timu yake ilitoa miche sita kutoka katika barafu za kileleni, ile mirefu ikifikia kiasi cha mita 50, na kugusa mwamba. Kwa kina hicho shimo halijifungi, hivyo hapana haja ya dizeli. Chenga huinuliwa na mapezi yaliyozungushiwa bomba mfano wa parafujo. Kisha ikaja kazi ambayo sisi tunaihesabu kuwa ngumu kuliko kuchimba: kuitelemsha barafu kutoka zaidi ya mita 5,000, kupita msitu wa joto, hadi kwenye friza, bila kuyeyuka. Ilifika Ohio ikiwa imeganda. Wapagazi waliofanya hivyo hatujaona mahali walipoandikwa majina.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Barafu ya chini ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700, ingawa wataalamu wengine wameupinga umri huo baadaye. Ndani yake mlikuwa na tabaka la vumbi la unene wa milimita 30, alama ya ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita. Thompson alionyesha pia kwamba barafu ya mlima huo ilikuwa imepungua kutoka kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi 2.6 mwaka 2000, akatabiri kuwa huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Utabiri huo haukutimia kwa tarehe zake. Miaka hiyo imepita na barafu ingalipo. Imebaki kidogo, hata hivyo, na miche iliyo Ohio ina matabaka ambayo kileleni hayapo tena.

Malawi yenyewe ina sura yake katika habari hii. Mwanzoni mwa mwaka 2005, katika ziwa ambalo huku huitwa Malawi na ng'ambo ya pili Nyasa, tishari liitwalo Viphya lilibadilishwa kuwa jukwaa la kuchimbia. Wakuu wa utafiti walikuwa wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Christopher Scholz na Andrew Cohen. Hapo hapakuwa na barafu bali maji ya kina cha mita 592, na chini yake tope lililotua polepole kwa mamia ya maelfu ya miaka. Nanga haikufaa kwa kina kile. Tishari lilitulizwa mahali pamoja na injini zilizokuwa zikisahihisha msimamo wake kila mara, huku bomba refu likining'inia majini. Walishuka mita 380 ndani ya tope. Mwaka 2007 walieleza walichokisoma: kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulipita ukame uliolishusha ziwa hilo kwa mita zisizopungua 600. Ziwa ambalo leo lina kina cha karibu mita 700 lilikuwa dimbwi katikati ya nchi kavu.

Tulimsimulia mzee habari hiyo tulipomrudia kesho yake, kwa kuwa chuma kimoja kilimshinda na akalala Mchesi kwa mwanafunzi wake. Alisikiliza akiwa ameinama juu ya mashine. Kisha akatuuliza, "Afande, hao walilipwa kwa mita au kwa siku?" Tukakiri kwamba hatujui. Akasema anayelipwa kwa mita huharakisha, na anayeharakisha huzisahau chenga. Tulitazama pembeni.

Dzaleka, ambayo zamani za utawala wa Banda ilikuwa gereza la wafungwa wa siasa, iligeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994 kwa makadirio ya watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Leo wamo zaidi ya elfu hamsini. Maji yao hutegemea visima virefu, au mijigo kama wenyeji wasemavyo, na pampu nyingi za mkono katika nchi hii ni za aina ya Afridev, iliyobuniwa na kufanyiwa majaribio Malawi na Kenya katika miaka ya 1980. Pampu hiyo ilibuniwa kwa sharti moja ambalo wahandisi wa Antaktika wangelitambua mara moja: kwamba mwanakijiji aweze kuifungua na kuitengeneza palepale, kwa spana moja, bila kumngoja fundi wa wilaya. Mzee alituambia kwamba tangu alipohamishiwa kambini yeye na wenzake watatu wanachimba visima vifupi vya bustani kwa wakulima walio jirani na kambi, na kwamba kila kisima kinapoongezeka nje, foleni ya ndoo ndani hupungua kidogo, maana wenye bustani huacha kugombea mjigo mmoja na wakimbizi. Ugomvi wa ndoo, akasema konstebo, ndio unaowaleta watu kituoni kwao.

Alipokata hesi ya mwisho aliipuliza, akaipitisha nati kwa vidole hadi mwisho na kuirudisha. Halafu akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakiunganisha kwenye ncha ya chuma. Kilikuwa kikombe kirefu cha bati nene chenye kifuniko cha ngozi chini, kinachofunguka kikishuka na kujifunga kikipanda. Alikuwa amekibuni mwenyewe. "Hiki," akasema, "ni cha chenga."

Tulikishika mkononi muda mrefu. Tukamwomba atuchoree, akatuchorea nyuma ya risiti ya chuma, na vipimo akaviandika kwa herufi kubwa. Mchoro huo tumeupeleka kwa sajini wetu wa zamani, ambaye sasa amestaafu na analima. Mzee alipaka grisi, akavifunga vyuma vyote kwa mpira wa tairi la baiskeli, na konstebo akavitia begani na kumsindikiza hadi zilipo minibasi za Dowa.